Miezi Sita ya Bwana Idarusi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuchora ramani za majengo katika ofisi yetu ya Nguvumali, Bwana Idarusi Mselem anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025.

Alianza enzi za kalamu ya wino, rula ndefu na wembe wa kukwangulia makosa. Ukiweka kikombe cha chai juu ya ramani yake hakugombezi. Anakihamishia dirishani na kukuacha uone haya mwenyewe.

Kompyuta za kuchorea zilipoletwa, wauzaji walidai programu yao hujifunzwa kwa wiki mbili. Bwana Idarusi, wakati huo mkuu wa chumba cha kuchorea, aliomba miezi sita. Uongozi ulikubali kwa sharti: atakayekuwa hajahitimu atahamishiwa stoo, mkuu naye akiwemo. Aliafiki haraka mno, kwa maoni yetu.

Mpango aliupanga kama wa chuoni alikosomea Kurani: huligusi somo la pili mpaka la kwanza limesikilizwa, na anayehitimu analeta halua. Mwandishi wa wasifu huu, Mlutheri kutoka Lushoto, alihitimu wa kwanza. Halua aliyoipika mwenyewe ilikuwa ngumu kama tofali, ikaliwa kwa adabu. Rahimu, mchoraji mwenzetu, naye alichora ngazi nzuri sana iliyoishia ukutani.

Mpango ulikuwa na kosa moja. Kila mtu alitengewa muda wa kujifunza, isipokuwa aliyeupanga. Asubuhi alikaa na Rahimu kusahihisha vipimo, mchana na Zuwena, mwenzetu mwingine. Miezi sita ilipotimia, sote tulikuwa tumehitimu ila yeye. Tulitaka kumwombea muda zaidi, akakataa katakata. Sharti ni sharti, alisema, akahamia stoo.

Huko alijifunza programu hiyo wakati wa mapumziko ya chakula. Mwaka uliofuata alirudi, nikamsikiliza mimi masomo yake, akapita. Kiti chake nilikuwa nimeshapewa. Akaniita Mkuu mbele ya wageni, bila kejeli hata chembe, na kunichorea miaka yote hii. Nyumba ya wageni kule Amani ni kazi ya mkono wake.

Bwana Idarusi, ule muda tuliojifunzia sisi ulikuwa wako. Tunakushukuru. Mwenyezi Mungu akujaalie afya wewe na mkeo, Bi Samiha, na safari hii chukueni muda wenu wote.

Bertha Hosea
Mkuu, Chumba cha Kuchorea