Ghala Huku, Meza Kule

Benchi la kwenye kona ya duka la vioo lina mguu mmoja wa tofali, na upande huo ni wa Breki, dereva mstaafu, anayedai hajawahi kuanguka popote. Asubuhi hiyo Chapachapa, mwandishi wa programu, alikuja kakumbatia laptopu kama kabeba mgonjwa. Wiki tatu yeye na dada yake waliandika programu ya foleni ya zahanati, kila mtu na tawi lake, yaani nakala yake ya kazi ya kuunganishwa baadaye. Saa sita muuguzi mkuu anakuja kuiona, na matawi yamekataa kuungana.

— Inasema faili zote zimefutwa. Mia mbili na kumi!

— Kazifuta nani? Breki akauliza.

— Eti mimi!

— Basi jisamehe kwanza, bwana. Kunywa kahawa.

Fundi Saa, mwenzake Breki wa benchini, akainama kuitazama laptopu.

— Joto hilo. Mashine ikichemka inasahau. Nina saa ilirudi nyuma mpaka mwenyewe akakosa harusi yake.

— Joto wapi! Huyu na dada yake hawajapatana tangu utotoni. Kompyuta imenusa ugomvi! Breki akadakia.

— Futa yote, uanze upya, Fundi Saa akashauri.

Kidole cha Chapachapa kikasogea kwenye kitufe cha kufuta. Dada yake aliandika tawi lake huku ananyonyesha. Atamwambia nini?

Mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akingoja kioo chake kikatwe, akauliza:

— Samahani kaka, kazi yenyewe unaiweka wapi?

— Ghala la kumbukumbu, linalotunza kila tulichoandika, liko kwenye diski hii niliyoichomeka pembeni. Nililitenga lisichezewe. Folda ya kazi iko kwenye laptopu.

— Mimi nikimtuma mtu stoo nisimwambie meza ipi, ananitandazia vitambaa hapohapo aliposimama. Wewe uliiambia meza iko wapi?

Breki akaangalia tofali. Fundi Saa akaipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Kwenye amri ya kuunganisha Chapachapa alitaja ghala tu. Na amri aliitoa akiwa ndani ya folda ya picha za familia, kompyuta ikadhani hiyo ndiyo meza! Faili mia mbili na kumi zingeonekana vipi katikati ya picha za mashangazi?

Akaisitisha amri ile, akaiandika tena, ghala na meza vyote kwa majina. Faili zikarudi, matawi yakaungana, ukabaki mstari mmoja tu wa mvutano. Yeye aliandika: aliyewahi ahudumiwe kwanza. Dada yake: mwenye hali mbaya kwanza.

Akapiga simu.

— Dada, mstari wako ndio unapita.

Breki akajinyoosha kwa ushindi.

— Si nilisema ni ugomvi?

Tofali likateleza.