Jovina Mutalemwa, Muuza Pete za Almasi wa Buswelu

Marehemu Jovina Mutalemwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1983, Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Projest na Mama Angela Mutalemwa, wakulima wa kahawa na ndizi. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza kidato cha nne Bukoba mwaka 2002.

Mwaka 2004 alikuja Mwanza, akaajiriwa na sonara, Mzee Salum, aliyemfundisha kutambua vito. Tarehe 15 Agosti 2009 alifunga ndoa na Antoni Mayala. Pete yake ilikuwa ya fedha tupu. Alisema almasi ni za wateja.

Mwaka 2017 alianza kuuza pete za almasi mtandaoni, akiwa sebuleni kwake Buswelu. Wengi walimcheka: nani atanunua almasi ambayo hajaishika? Jovina alipiga picha kila jiwe pamoja na dosari zake, na watu wakamwamini.

Machi 2022 aligundua kwamba mawe sita aliyoletewa na dalali mmoja, ambayo alikuwa ameshayauza, hayakuwa almasi. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Mumewe alimsihi, "Mama Queen, ukisema, biashara imekufa." Kesho yake alijirekodi, akaweka kwenye ukurasa wake: "Nilidanganywa, na mimi nikawadanganya. Nirudishieni pete, nanyi mtapata pesa zenu."

Watano walirudisha. Wa sita, Winnie wa Sengerema, hakujibu, hivyo Jovina akapanda kivuko kumfuata. Alimkuta amefiwa na mume majuma matatu nyuma.

"Dada, hii alinivisha yeye," Winnie alisema, akificha mkono ndani ya kanga. "Usiniambie ni kitu gani."

Jovina hakumwambia. Alikaa naye mpaka kivuko cha mwisho.

Baada ya hapo aliitwa tapeli, hata na watu wasiowahi kununua kwake, na oda zikakatika. Hakusema kama anajuta. Ila sisi wadogo zake tuliona kicheko chake kimepotea nyumbani.

Agosti 2024 alivimba miguu, ikagundulika figo zimeshindwa. Alisafishwa damu miezi sita. Alifariki tarehe 17 Februari 2025, saa nane mchana, Antoni akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Queen na Chenge, wazazi wake wote na ndugu wanne.

Jana ujumbe uliingia kwenye simu yake: "Dada Jovina, nataka pete ya uchumba, ila iwe ya kweli. Upo?"

Ee Mungu, mpokee mtoto wako Jovina, umpe pumziko lenye amani.