Mpira Uliogoma

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi halikosi watu wala kahawa. Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alifika shati limelowa, ananuka nanasi mwili mzima. Kesho yake mkewe alikuwa anastaafu uuguzi, kazi ya miaka ishirini na minane. Magauni alishamshonea mpaka kabati halifungi; safari hii alitaka kumpa kitu kingine cha mkono wake. Basi wiki tatu alikuwa ameficha stoo ndoo ya mvinyo wa nanasi. Mashapo yalishatulia chini, imebaki kuuhamishia kwenye dumu safi, na hapo ndipo mpira wa kuvutia mvinyo ulipogoma.

— Unatoka kidogo, kisha kimya, alisema. Nimenyonya mpaka mashavu yananiuma.

— Hewa hiyo, alisema Dereva wa lori. Mimi mpira wa dizeli nauvuta kwa pumzi moja tu.

— Dizeli ya nani? Kinyozi aliuliza huku akinoa wembe.

Dereva akanywa kahawa.

— Tatizo ni mpira wenyewe, Kinyozi akaendelea. Umeuzwa umekunjwa, umeshazoea kujikunja. Ni kama nywele, lazima uubembeleze.

— Basi aupake mafuta, alisema Dereva.

— Mafuta ya nini? Kinywaji kinachochacha kiko hai, bwana. Kimeshajua kesho kinanywewa, ndiyo maana kinang'ang'ania kwao.

Wakacheka, Fundi hakucheka. Kila aliponyonya, mashapo yalitibuka kidogo. Wauguzi wenzake na mkewe wangekuja kesho, awape nini, tope la nanasi?

— Tukidanganye, alinong'ona Dereva. Tukiambie sherehe imeahirishwa.

— Sherehe gani imeahirishwa?

Alikuwa mkewe Fundi, ametoka zamu, mkoba begani. Benchi zima likainamia vikombe.

— Baba watoto, hilo dumu la kupokea umeliweka wapi?

— Dumu gani tena, mama?

— Stoo yangu inanuka nanasi wiki ya tatu hii, na kilio chako cha mpira nimekisikia tangu kona. Liko wapi?

— Mezani. Usawa mmoja na ndoo.

— Na dripu ya mgonjwa huwa tunaitundika wapi?

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akatazama barabara. Fundi alikuwa ameshainuka.

Nyumbani, Fundi alishusha dumu sakafuni, akachuchumaa, akanyonya mara moja. Mvinyo ukapanda ukingo wa ndoo, ukateremka taratibu, mwangavu wa kuona hadi ng'ambo. Mkewe alishikilia ncha ya juu ya mpira kwa vidole viwili, isiguse mashapo.

— Nikisema bana, ubane mpira, mashapo yasifuate.

Akabana alipoambiwa. Kisha akamkingia kikombe. Mkewe akaonja, akaonja tena mpaka kikombe kikaisha.

— Niongeze, alisema. Hao wageni wa kesho tutawapikia chai.