Bata wa Hajja na Panya wa Daktari

Kitu cha kwanza nilichoona ndani ya treni ni mdomo wa bata ukichomoza kikapuni na kudonoa kifungo cha Daktari Wagdi. Mwenye bata, mama mmoja aliyepandia Banha, alikuwa akimpeleka kwa binti yake aliyejifungua huko Shubra, apikiwe supu.

"Hajja, mzuie huyo!"

"Ana njaa, mwanangu. Nimemlisha mahindi ya meli, haya yanayotoka ng'ambo, miezi miwili, bado anataka vifungo."

"Mahindi yale ya mbegu zilizobadilishwa maabara?"

"Nitajuaje? Hayakuja na cheti cha kuzaliwa." Kisha akashtuka. "Kwani yana madhara? Binti yangu anasubiri supu!"

Daktari akajikohoza. Alieleza kwamba maabara yao ndiyo inayoyapima. Panya wa kundi moja hula mahindi hayo, wa kundi la pili hula ya kawaida, nao hupimwa uzito kila siku kwa siku tisini. "Lakini hawa wa kawaida wamenenepa kama mapasha wa enzi za kifalme, wameharibu hesabu yote. Tunaanza upya."

"Siku tisini tena? Mtoto atakuwa anacheka, mama yake hajanywa supu! Umesoma miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na miwili."

"Na panya wamekushinda."

Treni ikasimama. Hajja akashuka akimkagua bata wake kama askari wa forodha.

Mimi ndiye ninayefagia maabara hiyo, ingawa Daktari hajawahi kunitazama usoni. Vizimba vya panya wale walionenepa vimeandikwa "chakula cha kawaida". Niliwaonea huruma, nikawa nawamegea mkate wangu na taamia, zile bajia za maharage, kila asubuhi.