Chungu Tulichowawekea Watu wa Louisville

Risala ya waumini wa kambi ya mlimani kwa Askofu Rudasingwa, Buffalo, 23 Julai 2016

Mgeni rasmi, Baba Askofu Rudasingwa,

Karibu Buffalo. Tunaanza na jambo ambalo hutalipenda. Mwezi wa kumi mwaka jana uliingia katika ukumbi huu huu, ukawapa mkono watu wa mstari wa mbele mmoja mmoja. Ulipofika kwa Mama Bamurange, mkono wake ukiwa bado kwenye bandeji, uligeuka kuulizia choo. Tulikuona. Leo amekaa kiti kile kile. Tunakuomba umtazame wakati tunasoma.

KAMBI ILIKOTOKA

Sisi ni familia za Lower West Side na East Side hapa Buffalo, za Newburg kule Louisville, na za Columbus unakokaa wewe. Tulitoka nyanda za juu za Kivu ya Kusini. Kule, mtu mwenye mzigo moyoni alipanda mlimani akafunga siku tatu. Hapa tulipewa nyumba, kazi za ghala, kazi za kutunza wazee, na theluji ya kutosha. Mlima hatukupewa. Wewe ndiye uliyeutafuta mwaka 2012, katika vilima vya kusini, saa mbili kwa gari kutoka hapa. Kwa hilo tunakushukuru, na hatulisemi kwa adabu tu.

MAFANIKIO

Mwaka wa kwanza tulikuwa watu thelathini na mmoja. Mwaka jana tulifika mia na kumi. Vijana wawili waliacha pombe, na wakaacha kweli. Mzee Cyubahiro na mdogo wake, ambao hawakuwa wamesemeshana tangu tukiwa wakimbizi Burundi, walilala hema moja. Mengine unayajua, maana wewe hupenda kuyasimulia. Tupite.

ILIVYOTOKEA

Haya huyasimulii, kwa hiyo tutayasema taratibu.

Agosti 2013 dubu mweusi alikatiza barabara mbele ya gari la kwaya. Tulikueleza, ukacheka. Agosti 2014 mifuko yetu ya taka ilipasuliwa. Yale mapipa ya chuma ya msituni yana kifuniko chenye kitasa kilichofichwa kwa ndani. Sisi tulidhani yamefungwa, tukaacha mifuko chini. Tulikuandikia barua. Haikujibiwa. Agosti 2015 askari wa msitu alitupatia karatasi ya Kiingereza yenye picha ya dubu. Aliyeipokea ni katibu, yaani mimi ninayesoma, Liberati Bahizire. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na ilibaki humo mpaka Septemba. Sijifichi.

Ijumaa ya kambi hiyo ya 2015 watu wa Louisville walikuwa njiani. Ni safari ya mwendo wa saa tisa, na gari lao lilikuwa limeharibika. Aliyefunga hali, lakini kwetu anayetoka safari huwekewa chakula hata akichelewa siku mbili. Basi mama zetu wakaacha chungu cha maharage na nyama nje ya hema la jikoni, kimefunikwa kwa sahani. Asubuhi ya Jumamosi kilikuwa kitupu, kimelala ubavu.

"Batu ba Louisville bamefika, bamekula, bamerudia!" alisema Elisée, dereva wetu. "Na sahani hawakusafisha."

"Weye Elisée, cheka tu," Mama Bamurange akamjibu. "Mutu gani analambaka chungu mpaka inje?"

Alikuja kwako, Baba Askofu, chungu mkononi, akakuonyesha alama za makucha. Ulimjibu hivi: "Bon, mama, umelisha kiumbe cha Mungu. Weka ingine." Akaweka ingine. Alitii.

Saa nane mchana dubu alirudi kwenye chungu chake. Wakati huo kilikuwa chake kabisa, tulikuwa tumempa mara mbili. Na hapa ndipo lilipo kosa letu sisi wanaume. Nyumbani, fisi akiingia kwenye ndama, wanaume humzunguka na fimbo, wakamfungia njia zote mpaka afe. Mzee Cyubahiro alipiga kelele: "Mumuzunguke! Asipite ku batoto!" Tukamzunguka, wanaume ishirini. Dubu yule hakuwa na haja na mtoto wala mkubwa. Alipotuona aliacha chungu, akataka kuondoka. Sisi tukamnyima pa kupita. Akazunguka mara mbili akitafuta upande wenye mtu mmoja tu, na upande huo alikuwepo Mama Bamurange na mwiko wake.

Mkono wake wa kulia, aliourarua dubu akipita, ulishonwa nyuzi arobaini na sita. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Kazi yake ya kuwainua wazee kitandani imekwisha. Dubu alitegwa siku ya nne akauawa. Askari aliyempiga risasi alituambia kwamba hakuifurahia kazi hiyo.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu si dubu. Nzigire, anayekijua Kiingereza, aliitafsiri ile karatasi niliyoikunja. Ina mambo machache. Chakula chote kiingie kwenye sanduku la chuma, mbali na mahema. Hemani kisilale kitu chenye harufu, hata peremende, hata dawa ya meno. Ukikutana na dubu usikimbie: simama, piga sufuria, rudi nyuma polepole, mwachie njia. Akikushika, pigana. Bulonza, ambaye ni mchomeleaji, ametengeneza masanduku manne jioni baada ya kazi. Yako pale mlangoni, umeyapita ukiingia.

Changamoto ni neno lako. Jumapili ile, mama akiwa hospitali, ulisimama mbele yetu ukasema mnyama hamgusi mtu aliyefunga kwa moyo safi. Kisha ukaenda zako Columbus. Neno lilibaki hapa. Tangu siku hiyo Mama Bamurange hajapangwa kuimba kwenye kwaya. Watu humuuliza, tena kwa upole, alikuwa amemficha Mungu nini.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Watu mia na arobaini wamejiandikisha kwa kambi ya tarehe 19 Agosti, na wengi wamesema hawatayagusa masanduku. Mama Mukabutera wa Newburg alimwuliza Nzigire sababu kwa simu: "Donc, nyama nifungie ku chuma juu ya nini? Askofu alisema ni moyo safi tu." Huyo atakuja na wajukuu watatu. Tumeeleza, tumebandika karatasi, tumepiga simu. Kila mlango tunaobisha, neno lako limeshaingia na kukaa.

MAOMBI

Risala nyingi huwa na orodha ndefu mwishoni. Sisi ombi letu ni moja. Hatutaki utuundie kamati, na usituambie kwamba utaliweka mbele za Mungu. Mlango wa Mungu uko wazi hata kesho. Karatasi ya Nzigire iko mezani mbele yako, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Isome kwa mdomo wako mwenyewe, sasa, kabla ya chakula. Elisée ameshika simu, atakurekodi, na Newburg na Columbus watakusikia leo hii. Ukimaliza kuisoma, sema kwamba ulikosea. Sisi makosa yetu tumeyataja mbele yako na bado tumesimama. Wali utasubiri.

Mungu aliyetupitisha kwenye moto wa Kivu akulinde barabarani, akuongezee miaka, na akupe ujasiri wa hizi dakika tatu tu.

Simama, Baba Askofu. Anza na kiti cha kwanza, msalimie Mama Bamurange. Mpe mkono wa kushoto, wa kulia bado unamuuma.

Ni sisi waumini wa Kambi ya Mlimani,
Buffalo, Louisville na Columbus.