Vidole Kwanza, Spana Baadaye

Idara ya Mizani na Vipimo inatangaza, kwa heshima zote zinazostahili, kustaafu kwa bolti moja ya gurudumu la mbele kushoto la gari letu la kazi. Bolti hiyo ilitumikia umma tangu gari likiwa jipya, haikuomba likizo hata siku moja, na sasa imelala katika kopo la vyuma vibovu bila kuagwa na mtu. Wiki hiyohiyo, tarehe thelathini ya mwezi uliopita, alistaafu pia dereva wetu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Hotuba zote, kwa hiyo, tulimwekea yeye.

Ofisini hakuna anayemwita kwa jina. Ni Shangazi. Walinzi humwita Shangazi, Mkurugenzi humwita Shangazi, na hata yule bibi muuza nafaka, ambaye angeweza kumzaa, humwita Shangazi kila tunapokwenda kukagua sokoni, akimsihi awaambie wakaguzi waionee huruma mizani yake.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wakaguzi masokoni, pamoja na yale mawe ya chuma ya kupimia mizani ya watu. Mawe ni mazito, barabara ni mbovu, na wakaguzi ni wabishi. Lakini gari la Shangazi lilikuwa na usingizi wake. Aliteremsha kioo kidogo, akaanza kuimba kwa pua wimbo usio na maneno, na kule nyuma mawe yakagongana taratibu kama vikombe vinavyooshwa nyumba ya jirani. Waliopanda wakigombana walifika wakikoroma. Mkaguzi mmoja aliota ameshapima soko zima, akaamka amechoka, akataka turudi. Shangazi peke yake ndiye aliyebaki macho, ingawa ukimtazama usoni ungedhani naye yuko mbali, mahali penye kivuli.

Alivaa koti lilelile la kijivu, lenye mfuko mmoja mzima. Mfuko wa pili ulichanika zamani, na mumewe, fundi cherehani anayeshonea mtaa mzima, bado anatafuta nafasi ya kuushona. Katika mfuko uliobaki ndimo zilimokaa funguo za gari.

Sheria yake ilikuwa moja: nati ya gurudumu huanzishwa kwa vidole, izunguke yenyewe bila kulazimishwa, ndipo spana iitwe. Vidole kwanza, spana baadaye. Msemo huo ulisambaa hadi masijala, ambako wageni wenye haraka waliambiwa hivyo hivyo na kuketishwa kwenye benchi.

Mwezi mmoja kabla hajastaafu, gurudumu lilipata pancha njiani. Shangazi alikwenda kutafuta jiwe la kuzuilia gari lisiteleze. Mkurugenzi, mtu mwema asiyependa kukaa bure, akaamua kusaidia. Aliiweka nati kwa spana moja kwa moja, ikaingia upande, na ilipogoma akaikanyagia spana kwa kiatu chake cha kikao. Mtu ambaye amefunga maduka kwa kosa la gramu chache alipima ukazaji wa nati kwa soli. Meno ya bolti yakafa palepale. Shangazi aliporudi na jiwe lake alitazama, akavuta pumzi, akasema, “Asante, bosi. Sasa pumzika.” Alituendesha hadi ofisini kwa mwendo wa harusi, na tangu siku hiyo gari halikutoka tena kwenda sokoni.

Kisha ikaja habari kutoka makao makuu kwamba magari yote ya zamani yatakaguliwa, na lenye kasoro katika magurudumu litauzwa kama chuma chakavu. Wengine tulianza kuota gari jipya lenye kiyoyozi. Shangazi hakula mchana ule. Gari likienda kwenye chuma chakavu, alisema, basi miaka yangu nayo itapimwa kwa kilo.

Jumamosi alilipeleka nyumbani kwake, polepole, kwa ruhusa ya Mkurugenzi, ambaye wiki hiyo hakuwa na nguvu ya kumkatalia mtu. Mimi nilikwenda kumsalimia, nikapewa kigoda na chai. Shuka zilikuwa zimeanikwa uani, zikipumua kwa upepo, redio ikinong’ona ndani, na nati za akiba zimelala katika bakuli la mafuta ya taa ziking’aa kama samaki wadogo. Ilikuwa asubuhi ya aina ile ambayo mtu husahau alikuja kufanya nini.

Shangazi hakusahau. Alilegeza nati gari likiwa bado chini, akalipandisha kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi ya chuma, maana jeki, alisema, ni shemeji: msaada wake una mwisho. Nati mbovu ilitoka imebeba meno ya bolti. Akafungua breki, akaining’iniza kwa tepe kuukuu ya kupimia ya mumewe ili uzito usivute bomba lake la mafuta, akatoa diski ya breki. Nyundo tatu, bolti ya zamani ikadondokea nyuma.

Mpya aliipenyeza kwa nyuma, akaivalisha washa kadhaa, yaani vile vipete bapa vya chuma, zilizopakwa grisi, kisha nati moja ya akiba iliyogeuzwa, upande wa bapa ukielekea ndani. Mumewe aliitwa aache cherehani aje ashike mtaimbo katikati ya bolti nyingine, kitovu cha gurudumu kisizunguke. Kila Shangazi alipokaza nati, bolti ilivutwa mbele kidogo. Fundi alilalamika kwamba tangu aanze kushona hajawahi kuona kifungo kinachovutwa kwa spana. Alijibiwa ashike chuma, na kama ana hamu ya kushona, kuna mfuko unamngoja. Kichwa cha bolti kilipokaa barabara, alirudisha vyote, nati zote kwa vidole, kisha spana kwa mkato wa msalaba, moja huku, inayofuata upande wa pili. Tukazunguka mtaa kwanza, nati zikae vizuri, ndipo akaze tena. Fundi alilala kabla ya kona ya kwanza. Ya pili siikumbuki vizuri.

Jumatatu mkaguzi wa magari aligonga kila bolti kwa nyundo ndogo, akisikiliza kama daktari. Zote ziliitika sauti moja. Aliuliza nani kafanya kazi hii, na Mkurugenzi, kwa sauti ya chini, akasema, “Shangazi. Ya kuharibu nilifanya mimi.” Gari likapita. Litabaki nasi.

Shangazi, tunakushukuru kwa safari zote ambazo hatukuziona kwa sababu ulituacha tulale. Tunakuombea asubuhi ndefu, shuka zinazokauka upesi, na siku moja, Mungu akijalia, mfuko wa pili.

Gari liko uani, limeoshwa, mawe yamepakiwa, na wakaguzi wameshaketi ndani. Funguo umeondoka nazo.