Neno la Kwenye Barua

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

MDOGO: Mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Hii namba ya nani? Tangu tumzike mwanao nakupigia tu, simu yako—

MDOGO: Ya jirani. Salio lenyewe la kuungaunga. Wewe si unafundisha Kiingereza? Ofisi wamenipa barua, nipumzike kwanza na kazi ya mochwari. Kuna neno silielewi. "Desensitize."

DADA: Limekaaje kwenye sentensi?

MDOGO: Kwamba kazi imenifanya hivyo.

DADA: Ni kitenzi. Kumzoesha mtu kitu mpaka kisimguse tena. Mazoea yana tabu, ndiyo hayo. Hata daktari wa meno hulitumia, kwa kutuliza jino linaloshtuka ukinywa maji baridi.

MDOGO: La jino ni zuri, basi.

DADA: La jino, ndiyo.

MDOGO: Una dawa?

DADA: Mtandao unakwaruza, sema tena—

MDOGO: Huo ugonjwa. Una dawa? Wifi yako anafunga mizigo, anarudi kwao. Nilitaka nimwambie naumwa.

DADA: Si jina la ugonjwa. Ni jambo ulilotendewa. Mdogo wangu, umelia hata kidogo?

MDOGO: Nimejaribu. Nilishika viatu vyake. Nikaona soli imelika upande mmoja, basi.

DADA: Hebu nipe wifi niongee naye.

MDOGO: Hataki.

DADA: Mmekosana nini? Watu wakifiwa si ndiyo wanashikana?

MDOGO: Mtoto alipoletwa nilikuwa zamu. Nilimpokea mimi. Nikamfunga lebo mguuni, nikaandika: wa kike, miaka sita. Mwandiko ulinyooka, dada. Halafu mama yake akafika dirishani.

DADA: Ee Mungu.

MDOGO: Nikavuta fomu. Nikamuuliza, "Una uhusiano gani na marehemu?"

DADA: Mkeo? Ulimuuliza mkeo—

MDOGO: Ndivyo tunavyoanza. Na kila mtu.

DADA: Akasemaje?

MDOGO: Aliniangalia sana. Akasema, "Mama yake." Nikaandika.

DADA: Mdogo wangu...

MDOGO: Salio linakata, dada. Nikamwonyesha pa kusaini, nikamwambia asogee, nyuma kuna watu—

DADA: Haloo? [mlio] Haloo?